Mfalme Ana Wenyewe: Niliyoyapitia Nikiandika Riwaya ya Ua wa Mumias

Tangu riwaya yangu kuhusu ua wa Mumia, Nabongo (yaani mfalme) wa Wanga huko magharibi mwa Kenya, itoke, haipiti wiki bila kijana kunipigia simu akiniambia kwamba naye ana mfalme wake anayetaka kumwandika. Swali la kwanza huwa ni sura ya kwanza ianzeje. Hakuna anayeuliza habari za nauli, wala za mzee atakayekataa kufungua mdomo, wala za mchapishaji anayetaka mfalme asiwe na doa. Kurudia mambo yale yale kwenye simu kumenichosha, ndiyo maana naandika.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kisumu, na kwa mama ni Butere. Jina la Mumia nililisikia nyumbani kabla sijalikuta darasani, na yule wa nyumbani hakufanana kabisa na yule wa darasani. Darasani alikuwa jibu la mtihani: taja sababu tano zilizomfanya Nabongo Mumia wa Wanga kushirikiana na Waingereza. Tukakariri, tukapata alama, tukamsahau. Kwa nyanya yangu alikuwa mtu aliyewapeleka ndugu zake kutawala watu wa wenyewe. Sisi Marama wa Butere tuliletewa Mulama awe chifu, na wazee walilitaja jina hilo kwa sauti ya chini miaka mingi baada ya bendera ya mkoloni kushuka. Nilitaka kujua mtu huyo mmoja aliwezaje kuwa wote wawili.

Mswada wa kwanza niliuandika Mumia mwenyewe akisimulia. "Mimi Nabongo, mwana wa Shiundu," na kadhalika, kurasa zaidi ya mia. Nikampa mwenzangu tunayefundisha naye ausome. Aliurudisha Jumatatu akauweka mezani kwangu. "Mwalimu," akasema, "huyu mfalme wako anaongea kama hotuba ya Madaraka." Nilinuna siku nzima, lakini alisema kweli. Ukimpa mfalme nafsi ya kwanza, unajitwika kazi ya kumtetea kila ukurasa. Kila tendo lake linatafutiwa sababu, na kila sababu inatoka ikiwa imevaa suti. Mswada ule uko chini ya kitanda mpaka leo.

Nikaamua kusoma kwanza. Hapa nina la kusema kwa wale wanaodhani kila kitu kiko Nairobi. Jumba la Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue lina mafaili mengi ya wilaya ya zamani ya Kavirondo Kaskazini, na Kakamega kuna tawi lake. Nenda, gharama ya kusoma si kitu ukilinganisha na nauli na mlo wa mjini. Lakini kumbuka kwamba hadi Aprili 1902 upande wetu huu ulikuwa ndani ya Uganda. Mumias ilikuwa kituo cha serikali ya Entebbe, na ofisa Mwingereza C. W. Hobley aliyekuja kukaa pale katikati ya miaka ya 1890 aliripoti huko, siyo Nairobi, ambayo hata haikuwepo. Kwa hiyo karatasi za miaka ile moto zaidi ziko Uganda, na nyingine London, tena katika majalada ya Wizara ya Mambo ya Nje, kwa sababu Wizara ya Makoloni ilipokea nchi hizi mwaka 1905 tu. Ukiingia Moi Avenue ukatafuta faili la 1895 ukalikosa, usidhani limeibwa.

Kilichonisaidia kuliko mafaili ni vitabu vya wasafiri wa wakati ule. Haki zake zimekwisha muda na vinapatikana bure kwenye intaneti. Nilivipakua saiba ya karibu na shule, nikachapisha kurasa zinazohusu Mumias tu, nikazitia ndani ya faili la kamba. Joseph Thomson alipita mwisho wa 1883, wakati misafara ya Waswahili bado ilipaita pale Kwa Sundu, kwa jina la Shiundu aliyekuwa amefariki. Askofu James Hannington alifika Oktoba 1885. Alimwacha mwenzake, William Jones, pale kwa Mumia pamoja na sehemu kubwa ya msafara, yeye akaendelea na wapagazi 50 kuelekea Buganda. Tarehe 29 Oktoba aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wachache mno kati ya wale 50 ndio waliorudi kueleza.

Halafu kuna kisa cha barua, ambacho ndicho kilichonipa riwaya. Frederick Jackson, aliyekuwa amekuja na msafara wa kampuni ya Waingereza, alipiga kambi kwa Mumia kisha akaenda kuwinda ndovu upande wa Mlima Elgon. Mwanzoni mwa 1890 akafika Mjerumani, Carl Peters. Akakuta barua za Jackson kutoka Buganda zimelala kambini zikimngoja mwenyewe. Akazifungua. Akazisoma. Akajua kwamba Mwanga anaomba msaada, akakaza mwendo hadi Buganda, akamtilia sahihi mkataba kabla Jackson hajarudi. Mkataba wenyewe haukudumu, maana Julai mwaka huo huo Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hizi huko Ulaya. Peters ameeleza kwa nini alisoma. Jackson naye ana malalamiko yake. Nilitafuta katika kurasa zote hizo Mumia alisema nini mgeni alipokuwa akifungua barua za mgeni mwingine ndani ya himaya yake, nikaambulia patupu. Hata huyo aliyeonyesha mahali barua zilipowekwa hana jina.

Nikaona pale ndipo pangu. Mfalme ana wenyewe. Serikali ina Mumia wake, yule iliyemtangaza chifu mkuu mwaka 1909. Shule zina wa kwao, ukoo una wa kwake, na majirani wana wa kwao. Kila mmoja atakukamata shati ukimgusa. Lakini mwanamke aliyeteka maji ya kambi hana mwenyewe. Wapagazi walioachwa na Hannington wakala nafaka ya wenyeji wiki baada ya wiki wakingoja habari, hawana anayewagombea. Nikamuumba mchota maji mmoja, nikampa macho na mdomo mchafu kidogo, nikamweka uani. Mfalme akabaki mtu anayepita, anayesikika akikohoa nyuma ya ukuta, anayetuma watu. Kwa namna hiyo aliogopesha zaidi kuliko alivyokuwa akihutubia.

Sasa, kumweka mtu uani ni lazima uujue ua. Ukisimama Mumias leo unaona miwa mpaka macho yachoke, lakini miwa hiyo ni ya kampuni ya sukari iliyoundwa mwaka 1971. Ing'oe yote kichwani. Mikaratusi nayo iliingizwa Kenya mwaka 1902 kutafutia reli kuni, kwa hiyo mhusika wako wa 1885 asipumzike chini yake. Asinywe chai kila asubuhi. Asile ugali mweupe. Watu waliishi kwa wimbi na mtama, na mahindi yalitawala vyungu vyetu baadaye, mkononi mwa mkoloni. Noti na shilingi sahau, watu walibadilishana kwa shanga, nyaya za shaba, vitambaa vya kaniki na amerikani. Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni funza wa miguuni. Nilidhani ametutesa tangu Adamu. Kumbe alivuka bahari kutoka Brazil, akashuka Angola mwaka 1872, na ikamchukua karibu miaka ishirini kutambaa bara zima hadi kwetu. Mwaka 1885 hakuna mtoto wa Elureko, jina la zamani la Mumias, aliyekuwa akichokolewa kidole kwa mwiba. Nilikuwa na tukio zuri sana la nyanya akimtoa mjukuu funza usiku wa habari za askofu. Nililifuta huku roho inauma.

Nauli za Mumias zilikula mshahara. Kutoka Kisumu unapanda matatu ya Luanda au ya Kakamega, unabadilisha, unashuka Ekero, halafu bodaboda hadi Matungu, yaliko makaburi ya kifalme. Usiende mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, sabuni ya mche, na ukibahatika mkate mkubwa. Hiyo siyo hongo, ni salamu. Na usitoe simu ya kurekodi kabla hujamaliza kunywa ulichopewa.

Mzee mmoja alinifundisha hilo bila kulisema. Nilifika nikamsalimia, "Mulembe, Kuka." Akaitikia, akaniangalia nikifungua daftari. "Mukhana," akasema, "unaandika nini na mimi sijasema?" Nilikuwa naandika tarehe. Nikafunga daftari. Tulikaa tukaongea bei ya miwa, ndama aliyekatika mguu, mimi ni wa nani na mama yangu aliolewa wapi. Aliposikia Butere alicheka kidogo. "Mmetumwa kutupeleleza," akasema. Jua lilipoanza kuteremka ndipo akaniuliza mwenyewe nimekuja kutafuta nini.

Mumia alifariki mwaka 1949, kwa hiyo mzee huyu alikuwa mtoto mdogo. Nilitarajia aniambie habari za kiti, ngozi ya chui, bangili ya shaba. Hayo aliyasema, lakini kwa maneno ambayo nimeyasoma kwingine, neno kwa neno, na nikashuku amewahi kusomewa. Nilipomuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi siku ya mazishi, alikaa kimya kisha akasema alikuwa nyuma ya watu, hakuona kitu, alinusa tu nyama, na mtu mzima alimkanyaga kidole. Akanionyesha kidole. Ukucha umeota upande mmoja mpaka leo. Mimi nilirudi Kisumu na ule ukucha; ndio unaomsumbua mchota maji wangu kuanzia sura ya nne. Kwa hiyo mkienda kwa wazee, waulizeni walikuwa wamesimama wapi. Hadithi za wafalme wanazo tayari, zimenyooshwa na wengi waliotangulia kuuliza.

Lugha nayo ni gharama. Kimarama na Kiwanga ni ndugu, na nilijidai nitaelewa kila kitu. Mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Mzee akianza methali na majina ya vyombo vya zamani, nilipotea. Nikatafuta kijana wa Matungu aliyemaliza chuo, nikamlipa kwa saa aandike kila kilichosemwa kwenye rekodi. Saa moja ya mzee ilikuwa kazi yake ya siku nzima, na nilijua hivyo nilipoona hesabu. Mlipe vizuri, tena mapema; kijana yule ndiye aliyegundua kwamba mzee mmoja alikuwa akinisimulia habari za nabongo mwingine kabisa muda wote. Rekodi zenyewe zihifadhi mahali pawili au zaidi siku hiyo hiyo. Simu yangu iliibwa stendi ya Kisumu, na sauti ya bibi mmoja aliyefariki miezi michache baadaye ikaenda nayo.

Mswada ulipoanza kujulikana, simu ya kwanza ilitoka kwa mtu wa ukoo. Alinyenyekea mwanzoni. "Dada, tumesikia unaandika habari za kwetu." Alitaka kujua nani alinipa ruhusa. Baadaye sauti ikabadilika, akasema maneno kuhusu wakili. Niliogopa, siwafichi. Wanga bado wana Nabongo wao, heshima yake ipo, na mimi ni mtoto wa Marama. Nilichofanya ni kupanda gari tena, nikaenda na sura mbili zilizochapishwa, nikawasomea watu wazima watatu wa ukoo huo kwa sauti. Walikasirishwa na kitu ambacho sikukitegemea. Mambo ya biashara ya watumwa na pembe waliyasikiliza bila kukunja uso. Kilichowaudhi ni kwamba nilimfanya mke mmoja wa Nabongo apike mwenyewe. "Hakupika," bibi mkubwa akasema. "Andika vizuri." Nikarekebisha, na ilikuwa haki yao, maana walijua. Lakini kuna mistari mingine waliyoniomba niitoe nikakataa kwa adabu. Wasomeeni watu sura zinazowahusu, mapema. Kusoma siyo kuomba kibali, na hilo mliseme wazi kabla hamjafungua ukurasa.

Wachapishaji. Wa kwanza alikaa na mswada muda mrefu kiasi kwamba nilianza kumsahau. Jibu lilipokuja lilisema kazi ni nzuri ila mfalme "asawazishwe", apunguziwe pombe na wake, aongezewe hekima, ili kitabu kiweze kupelekwa kuidhinishwa kwa shule. Namwelewa. Riwaya ya Kiswahili Kenya ikiteuliwa kutahiniwa sekondari inauzwa nchi nzima. Isipoteuliwa, utaigawa arusini. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo yenye mamlaka ya kuidhinisha, na kila mchapishaji anaiwazia idhini hiyo anapokusoma. Mkataba wenyewe ulinipa asilimia 10 ya mapato halisi, yaani baada ya duka kupunguziwa bei. Nilikaa na kalamu usiku mmoja. Pesa hazikuwa tatizo, tatizo lilikuwa ile hekima ya kuongezewa. Nikamshukuru nikajitoa.

Nikachapisha mwenyewe. Mkopo wa chama cha walimu, nakala 500 kwa shilingi 280 kila moja, jumla 140,000 kwa mtambo peke yake. Mhariri alichukua 45,000, na alistahili zaidi. Namba ya ISBN niliipata kwa Huduma ya Maktaba za Kitaifa, hilo halisumbui. Jalada lilinisumbua. Nilitaka ile picha ya Mumia mzee inayosambazwa kila mahali, hadi rafiki mmoja mwanasheria akaniuliza mwenye picha ni nani. Sikuwa na jibu. Nikamlipa mchoraji wa Kondele anichoree mtungi na mkono unaoushika, na nadhani ni bora kuliko picha.

Kitabu ninakiuza 600. Duka linachukua asilimia 35, kwa hiyo linanipa 390, toa 280 ya mtambo, inabaki 110, na humo humo toa nauli ya kupeleka. Nikiuza mwenyewe mkononi, kwenye mkutano wa wazazi au harambee, naondoka na 320. Hesabu hizo hazijagusa riba, mhariri, wala kijana wa Matungu. Mtu akikwambia anaandika riwaya za wafalme apate ada ya watoto, mwombee. Mume wangu alivumilia, lakini alinyamaza mwezi mzima alipoona hati ya mkopo, na ukimya wake nao uwekwe kwenye gharama.

Siku niliyokisoma Bungoma, kwa Wabukusu, nilikwenda nikitetemeka. Mwaka 1895 Waingereza walizipiga ngome za Wabukusu, Lumboka kisha Chetambe, wakiwa na askari wa Kisudani, Waganda, Wamaasai wa Uasin Gishu na watu wa Wanga. Yule anayeitwa mshirika katika mtihani ni huyo huyo aliyetoa wapiganaji. Katika riwaya yangu wanaondoka uani kwa ngoma, mchota maji anawahesabu, kisha wanarudi wachache na ng'ombe wengi. Vita vyenyewe havionekani, kwa sababu yeye hakwenda.

Nilipomaliza kusoma alisimama mzee mmoja wa Webuye, koti la sufu joto hilo lote. "Mwalimu, kitabu chako nimekipenda," akasema. "Lakini hao watu unaowahesabu wakitoka kwa Mumia, mbona hatuwaoni walikofika? Walifika kwetu." Watu wakapiga makofi, na sikuwa mimi niliyepigiwa. Nilimjibu kwamba msimulizi wangu ni mwanamke wa uani, haoni mbali. Akasema, "Basi tafuta mwingine anayeona."

Ukumbi mzima ulikuwa unaningoja nijitetee kwa kanuni za fasihi, nami ninazo. Nikamwomba namba ya simu badala yake.

Amenipandisha Chetambe, kilima chenye upepo juu ya Webuye, akanionyesha mahandaki yalipopita na kunisimulia kwa majina waliokuwa ndani. Naandika kitabu cha pili sasa, msimulizi akiwa kijana aliyekuwa upande wa ndani wa ngome. Mzee anasoma kila sura kabla ya mtu mwingine. Juzi alinirudishia ya tatu akiwa ameweka kalamu nyekundu mahali ambapo kijana huyo anamwonea huruma mpiganaji wa Wanga aliyejeruhiwa. Anasema haiwezekani. Mimi nasema inawezekana. Tumepanga kukutana Jumamosi tubishane, nauli juu yangu.